Hesabu ya Jioni

Daktari wa Bugando, kijana, kalamu mbili mfukoni,
aliniuliza: Sajini, unalala?
Nikasema: Nalala.
Akaandika.
Hakuuliza nalala vipi.

Nalala kama mlango wa chuma:
nimefungwa, lakini ukinigusa tu nalia.

Saa kumi na mbili jioni tunahesabu.
Wanachuchumaa uani watano watano,
mia tatu tisini na mmoja,
na akipungua mmoja dunia inasimama,
hata ugali haugawiwi.
Miaka kumi na tisa nahesabu.
Nikifika nyumbani Mkolani nahesabu bado:
watoto wanne, kandambili nane,
sato wawili kikaangoni,
vikombe, vijiko, tena vikombe.
Kabula ananitazama. Anasema:
Baba Shija, hapa hajatoroka mtu.

Yule wa bweni la nne sitamtaja jina.
Alimkata shangazi yake kwa panga, huko Kwimba,
kwa kuwa bibi yule macho yake yalikuwa mekundu.
Jalada lake nililisoma mara moja. Nusu ingetosha.
Ni mpole. Blanketi analikunja pembe kwa pembe.
Mwezi wa tatu jino likamuuma,
nikamshikia tochi, tabibu akichungulia,
mkono wangu wa pili kwenye taya lake,
nikasikia joto lake, joto la mtu kama mtu,
na kidole gumba changu, Mungu anisamehe,
kikataka kushuka kooni na kubana.
Sikubana.
Hilo halimo kwenye ripoti ya zamu.
Asilolifanya askari
halina safu yake daftarini.

Wiki ileile mama akaja kutoka Magu
na kuku mmoja na mfuko wa michembe.
Macho mekundu.
Miaka sitini na kitu ya kupulizia moto
wa mavi ya ng'ombe na mabua.
Akasema: Mwanangu, mbona wanitazama hivyo?
Nikatoka nje, nikamwambia napasua kuni.
Sisi tunapikia mkaa.
Nilisimama uani na shoka la jirani
mpaka kuku akaiva.

Wakubwa husema kwenye gwaride: askari ni jiwe.
Mimi nimekulia kati ya mawe, nyumba yetu
imeegemea moja kubwa kuliko kanisa.
Nayajua.
Mchana kutwa jua linayaoka,
jioni upepo wa ziwa unayapoza ghafla,
na usiku wa manane, umelala, unasikia: ta!
Ganda limebanduka.
Asubuhi jiwe liko palepale,
mtu ameshaanika dagaa juu yake.

Jumamosi tulikaa Luchelele, mimi na Lushinge,
miguu majini, tunapara samaki.
Miaka kumi na moja tumepokezana funguo,
hatujawahi kupokezana neno
ila "wametimia" na "usiku mwema".
Magamba yanaruka, yanatua kwenye mashati yetu
kama vyeo ambavyo hatukupewa.
Basi bila kuinua uso akasema:
Mimi huhesabu migongo. Kanisani.
Padri anasoma Injili, mimi niko benchi la sita.
Na wewe?
Nikasema: Vikombe.
Akacheka, kicheko kikamgeukia njiani,
akamwinamia samaki wake kwa muda mrefu,
mabega yakitikisika.
Sikumwambia pole. Sikumwambia jikaze.
Nilimsogezea kisu changu, ndicho chenye makali,
nikachukua chake kibutu.
Tukapara mpaka beseni likajaa.
Samaki wangapi, sijui.
Sikuwahesabu.

Alhamisi napanda tena kile kilima cha hospitali.
Safari hii nitamwambia kijana wa watu
aandike kwa penseli, maana nitajisahihisha.
Lushinge anasema atakuja naye,
atakaa kwenye benchi la nje,
yeye haumwi, ananisindikiza tu.
Amevaa shati la Pasaka, nimeambiwa,
ameshalipiga pasi tangu jana.